Sifuri Isiyotosha: Mhadhara juu ya Kasoro za Mashine za Kupima Uvujaji kwa Heliamu Viwandani



Mashine ya kupima uvujaji ikianza kukataa kila kifaa, fundi huitwa kabla zamu haijaisha. Mstari wa uzalishaji umesimama, koili zimerundikana sakafuni, msimamizi anahesabu dakika. Mashine hiyohiyo ikianza kupitisha kila kifaa, hakuna anayemwita fundi. Taa ya kijani inawaka, takwimu za ubora zinapendeza, watu wanapongezana. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa majuma, na muda wote huo friji zinatoka kiwandani zikiwa na matundu, kila moja ikienda kwa mtu aliyejinyima ili ainunue.

Leo nitazungumzia ubovu wa aina zote mbili, ila nitaegemea zaidi upande wa ule wa kimya. Miongozo inayokuja na mashine hizi imejaa maelezo ya kengele na taa nyekundu. Kuhusu ukimya haisemi mengi. Nami nashikilia kwamba sifuri inayoonekana kwenye kioo haijathibitisha kitu chochote mpaka mashine yenyewe imethibitisha kwamba tundu lingekuwepo, ingeliona. Kazi yote ya kutafuta kasoro inaanzia hapo.

Tuanze na kipimo ambacho kila mmoja wetu amekiona. Fundi baiskeli hujaza tyubu upepo, huizamisha kwenye karai la maji na kutazama mapovu yanakotokea. Ni kipimo halali na viwanda vingi bado vinakitumia. Kikomo chake ni muda. Uvujaji tunaupima kwa milibari-lita kwa sekunde: chombo cha lita moja ambacho presha yake inabadilika kwa milibari moja kila sekunde, uvujaji wake ni moja. Tuseme koili ya kiyoyozi cha gari yenye gesi ya R134a haitakiwi kupoteza zaidi ya gramu 5 kwa mwaka. Ukifanya hesabu utapata takriban 4×10⁻⁵, yaani sehemu nne katika laki moja za kipimo hicho. Ndani ya maji, tundu la kiasi hicho hutoa povu moja lenye upana wa milimita moja kila baada ya sekunde 13 hivi. Nani atatazama kila ungio kwa muda huo, koili baada ya koili, tangu asubuhi hadi jioni? Shuka hadi 10⁻⁶, na povu moja litakuchukua karibu dakika 9. Friji ya nyumbani ya siku hizi inayotumia R600a hubeba makumi machache tu ya gramu za gesi hiyo, kwa hiyo kupoteza gramu chache kila mwaka ni kuifupishia maisha.

Na hasara si ya mnunuzi peke yake. Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi zilizomo katika Itifaki ya Montreal zilikubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za jamii ya HFC. R134a ni mojawapo, na katika hesabu za makubaliano hayo kilo moja ya gesi hiyo ikiponyoka angani huhesabiwa sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Fundi anayepima koili anapima pia sehemu ndogo ya ahadi hiyo.

Heliamu iliingia kwenye kazi hii kwa msukumo wa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilijenga kiwanda cha K-25 huko Oak Ridge, Tennessee, ili kurutubisha urani kwa kuipitisha, ikiwa gesi ya heksafloridi, kwenye maelfu ya hatua za vichujio. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka kuwa masalio magumu na asidi kali. Vichujio huziba na kazi husimama. Mabomba na maungio yalikuwa mengi kiasi kwamba njia za zamani za kutafuta matundu zisingeweza kufua dafu. Mwanafizikia Alfred Nier wa Chuo Kikuu cha Minnesota, bingwa wa spektromita za tungamo, alibuni spektromita iliyorahisishwa ambayo shughuli yake ni kuiona heliamu tu. Mafundi wakavuta hewa kutoka ndani ya mabomba, wakapuliza heliamu kwa nje, wakatazama kama sindano itasogea. Urani nyingi ya mradi huo wa vita ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwenye mgodi ambao wafanyakazi wake wengi walizungumza Kiswahili. Nalitaja hilo kwa sababu historia ya kifaa hiki husimuliwa kana kwamba Afrika haikuwamo, nayo ilikuwamo tangu siku ya kwanza.

Kilichomo ndani ya mashine ya leo hakijabadilika sana. Filamenti yenye moto hurusha elektroni. Elektroni huzigonga molekuli za gesi na kuzigeuza ayoni. Sumaku huzipinda ayoni hizo, kila moja kulingana na tungamo lake. Na mwanya mwembamba umewekwa mahali ambapo zile zenye tungamo 4 tu ndizo zinazopenya. Zinazopenya husomwa kama mkondo mdogo mno wa umeme. Heliamu inafaa kwa sababu haiungani na kitu, haiwaki, atomu yake ni ndogo, na hewani imo kwa sehemu 5 hivi tu katika milioni, hivyo ikizidi tunajua kuna mahali imetoka. Filamenti haiwezi kufanya kazi kwenye presha ya kawaida. Inahitaji ombwe, chini ya 10⁻⁴ milibari, na ombwe hilo hutunzwa na pampu ya tabo inayosaidiwa na pampu nyingine nyuma yake.

Viwandani, utaratibu ulio wa kawaida kwa koili za friji na viyoyozi ni huu: kifaa kinawekwa ndani ya chemba, hewa inavutwa kutoka kwenye chemba na kutoka ndani ya kifaa, kifaa kinajazwa heliamu, kisha chemba inaunganishwa na kichunguzi. Heliamu ikitoka kwenye kifaa na kuingia kwenye chemba, kichunguzi kinaiona.

Lakini mashine hii haijui tundu ni nini. Inachojua ni kwamba heliamu imefika au haijafika. Ili ifike, lazima iingie kwenye kifaa, ilifikie tundu, ipite, ivuke chemba, ipite kwenye mabomba na vali, na itokee mbele ya sumaku ndani ya muda uliowekwa. Hatua moja ikishindikana, kioo kitaandika sifuri kwa utulivu uleule kinaouonyesha mbele ya kifaa kizima.

Katika kiwanda kimoja cha viyoyozi nilikuta mashine ambayo kwa muda mrefu haikuwa imekataa koili hata moja. Wenyewe waliamini wachomeleaji wao wameiva. Tulipoweka ndani ya chemba mvujo wa kipimo, yaani kichupa kidogo kinachotoa heliamu kwa kasi inayojulikana, namba haikusogea. Vali iliyo kati ya chemba na kichunguzi ilikuwa imekwama ikiwa imefungwa. Taa yake kwenye paneli ilionyesha imefunguka, kwa kuwa taa ile ilisoma amri iliyotolewa na si mkao halisi wa vali. Na kila asubuhi kichunguzi kilijikalibrisha bila tatizo lolote, kwa sababu mvujo wake wa ndani umefungwa upande wa pili wa vali hiyo. Kalibresheni ile ilikuwa kweli tupu: kichunguzi kilikuwa kizima. Mfumo ndio uliokuwa kipofu.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo ningependa kila fundi aondoke nayo. Mvujo wa ndani unathibitisha kichunguzi. Mfumo mzima unathibitishwa na mvujo wa nje, uliowekwa kwenye chemba, mahali palipo mbali kabisa na bomba la kutolea. Bora zaidi ni kuwa na koili ya majaribio, iliyo sawa na zile zinazozalishwa, ambayo mvujo unaojulikana umefungwa kwenye ncha yake ya mwisho. Koili hiyo ikipita mwanzoni mwa zamu bila kukataliwa, uzalishaji usimame. Sijui kipimo kingine kinachokagua kwa mkupuo mmoja ujazaji, muda, vali, pampu na kichunguzi.

Tuchukue muda, maana ndio unaoibwa kuliko vyote. Heliamu haifiki mara moja. Inapanda polepole kufuatana na ujazo wa chemba ukigawanywa kwa kasi ya pampu. Chemba ya lita 100 inayovutwa kwa lita 10 kwa sekunde ina muda wake wa asili wa sekunde 10. Baada ya sekunde 30, namba imefikia asilimia 95 ya thamani yake ya kweli. Baada ya sekunde 8 imefikia asilimia 55 tu. Basi anakuja mtu mwenye haraka, anapunguza muda wa kusoma kutoka sekunde 30 hadi 8 ili koili nyingi zaidi zipite kwa saa, na hagusi kikomo cha kukataa. Tangu dakika hiyo, tundu lenye ukubwa wa karibu mara mbili ya kinachoruhusiwa linapita. Hakuna kilichoharibika, hakuna kengele itakayolia, na fundi atakayeitwa baadaye atabadilisha filamenti na oringi bila kupata jibu. Ndiyo maana, kabla ya kufungua kifuniko chochote, mimi huomba orodha ya mabadiliko ya vipimo vya programu: nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani.

Ujazaji wa heliamu nao una mtego wake, na hauonekani kwa macho. Koili ni bomba refu jembamba lililozibwa upande mmoja. Ukilijaza heliamu bila kutoa hewa iliyomo, hewa hiyo haitoki. Inasukumwa na kubanwa kwenye ncha ya mwisho. Ukipandisha hadi bari 10 juu ya hewa ya bari moja, kwa wastani una heliamu asilimia 90, na karatasi itaonyesha hivyo. Lakini sehemu ya kumi ya mwisho ya bomba ina hewa karibu tupu, na kwa presha hiyo gesi mbili ndani ya bomba la mita moja huhitaji saa nyingi kuchanganyika. Maungio ya ncha ile yanaweza kuvuja kadiri yapendavyo na mashine isijue. Dawa ni kuvuta hewa kwanza, hadi milibari 10 au chini yake, ndipo ujaze. Kwa hiyo pampu ya kutoa hewa kwenye kifaa, ambayo wengi huiona kuwa ya pembeni, ikichoka au ikiwa na mpira uliopasuka, inaharibu kipimo chote. Iwekewe kipimapresha chake, na mashine isiruhusu kujaza kabla kiwango hakijafikiwa.

Kuna pia maji. Nimeona mistari ambayo koili huzamishwa kwanza kwenye tangi la maji kutafuta matundu makubwa, zikapanguswa, kisha zikapelekwa kwenye heliamu kutafuta madogo. Mpangilio huo unaonekana wa busara, kumbe unaficha kile unachokitafuta. Maji yakiingia kwenye tundu lenye kipenyo cha maikromita moja, yanashikiliwa humo kwa nguvu inayohitaji takriban bari 3 kuyasukuma nje. Tundu likiwa nusu ya hapo, bari 6. Heliamu yenye presha ndogo kuliko hiyo haipiti. Koili inafaulu, inapakiwa, maji yanakauka njiani. Matundu makubwa yatafutwe kwa hewa kavu, kwa kutazama kama presha inashuka, na maji yaje mwisho kabisa, kama ni lazima yaje. Mafuta na jasho la vidole ni ndugu wa tatizo hilo. Kwa sisi wa pwani, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hewa yenyewe huleta maji: chemba iliyoachwa wazi usiku kucha hunyonya unyevu kwenye kuta zake, na asubuhi pampu huonekana kama imedhoofika kwa sababu inavuta mvuke. Ifungwe na kuachwa kwenye ombwe usiku.

Joto la pwani lina lake pia. Mivujo mingi ya kipimo hutumia kioo ambacho heliamu hupenya polepole, na kasi hiyo hupanda kwa karibu asilimia 3 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Mvujo uliothibitishwa kwa nyuzi 23, ukitumiwa katika karakana ya nyuzi 33, hutoa karibu asilimia 30 zaidi ya kilichoandikwa kwenye cheti chake. Mashine, ikiwa haijaambiwa joto, itadhani kiasi hicho kikubwa ndicho kile kidogo cha cheti, na itajipanga hivyo. Tangu hapo, kila uvujaji utasomwa mdogo kuliko ulivyo. Kosa linaelemea upande wa kupitisha, upande uleule wa kimya.

Na kuna kitufe cha sifuri. Kila mashine inacho, na kina kazi halali: kuondoa mabaki ya heliamu yasiyohusiana na kifaa kinachopimwa. Kikibonyezwa chemba ikiwa tupu na imetulia, ni sawa. Kikibonyezwa kifaa kikiwa ndani na kimejazwa, mashine inaambiwa kwamba uvujaji wa kifaa hicho ndio usawa wa bahari. Mwendesha mashine hafanyi hivyo kwa nia mbaya. Amechoka na kengele, na kitufe kinanyamazisha kengele. Kwa maoni yangu kitufe hicho kifungwe kwa neno la siri, na mashine iwekewe kikomo: mabaki yakizidi kiwango fulani, isikubali kuyafuta bali isimame na kudai fundi.

Sasa tugeukie ubovu wenye kelele, ule wa mashine inayokataa kila kitu. Mara nyingi chanzo chake ni heliamu iliyopo mahali isipopaswa kuwa. Koili moja yenye ufa mkubwa inaweza kumwaga kwenye chemba heliamu nyingi kuliko itakayotoka kwenye koili nzima za wiki. Heliamu hiyo huingia kwenye mpira wa oringi, huyeyuka kwenye mafuta ya pampu, na hutoka tena kidogokidogo kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kipimo cha hewa cha matundu makubwa kinatangulia: kazi yake ya pili ni kukilinda kichunguzi. Kama mafuriko yamekwisha tokea, usibadilishe chochote kwanza. Safisha chemba kwa kuijaza naitrojeni kavu au hewa safi na kuivuta tena, mara kadhaa, na uiache pampu ya mafuta ifanye kazi kwa nusu saa vali yake ya kuingizia hewa ikiwa wazi. Ukitazama namba ikishuka kwa kila mzunguko, umekwisha pata jibu.

Pale ambapo haishuki, tunagawanya mfumo kwa vali. Funga vali ya kuingilia kwenye kichunguzi. Mabaki yakibaki juu, tatizo liko ndani ya kichunguzi au kwenye pampu yake ya nyuma, na chemba haina hatia. Yakishuka, fungua mpaka kwenye bomba tu, chemba ikiwa bado imetengwa. Yakipanda, bomba au maungio yake yanavuja. Kama bado yako chini, fungua chemba tupu. Kisha weka koili ya majaribio isiyo na tundu, bila heliamu. Halafu ileile ikiwa na heliamu. Kila hatua inaongeza kitu kimoja tu, na namba ikiruka unajua ni kipi. Naona mafundi wengi wakianza katikati, kwa kubadilisha kipuri walichobadilisha mara ya mwisho. Kugawanya kwa vali huchukua nusu saa na hakuhitaji kipuri hata kimoja.

Umbo la namba linavyobadilika kwa muda nalo linasema mengi, na ningependa vijana wajifunze kulisoma kabla ya kushika spana. Tundu halisi hupandisha namba haraka, kisha namba hutulia na kukaa palepale. Mpira unaopenyezwa na heliamu hufanya kinyume: kwa dakika za mwanzo hakuna kitu, kisha namba inapanda polepole na kuendelea kupanda, kwa sababu heliamu ilikuwa bado inasafiri ndani ya mpira. Mabaki ya mafuriko huanza juu na kushuka. Mlango wa chemba unaovuja hufuata hali ya ukumbi: mtu akimwaga heliamu jirani, namba inapanda; feni ikiwashwa, inashuka. Na kiunganishi kinachoshika koili kikichakaa, koili zote hukataliwa kwa namba zinazokaribiana mno. Wachomeleaji hawakosei kwa usawa wa namna hiyo. Koili mbovu kweli hutawanyika: moja juu sana, nyingine juu ya kikomo kidogo tu, na ukizichunguza utakuta nyingi zina ungio lilelile.

Ukishuku mlango au flanji, pulizia heliamu kwa nje, kidogo sana, kama pumzi ya mtu aliyelala. Anza juu, kwa sababu heliamu hupanda. Ukianza chini, itapaa hadi kwenye tundu la juu na utalilaumu ungio lisilohusika. Subiri kila mahali kwa muda wa kutosha kabla ya kusogea. Anayepulizia kwa wingi hupata namba kubwa kila anapoelekeza mkono, na hajifunzi lolote.

Wanaotumia mkono wa kunusa, unaovuta hewa iliyo karibu na kila ungio, badala ya chemba wana maisha magumu zaidi, kwani ukumbi mzima ndio chemba yao. Sehemu zile 5 katika milioni ni sakafu ambayo hawawezi kushuka chini yake kwa urahisi, na ukumbi unaomwagiwa heliamu ya koili zilizokwisha pimwa huipandisha sakafu hiyo saa baada ya saa. Mara nyingi kasoro iko kwenye bomba la kutolea gesi kuliko kwenye mashine. Linapaswa kutoka nje ya jengo, mbali na madirisha na viingilio vya hewa. Ncha ya mkono iende karibu sana na ungio, milimita moja hivi, na kwa mwendo wa sentimita chache kwa sekunde. Kichujio chake kikizibwa na vumbi, kifaa kinakuwa kipofu bila kusema. Mvujo wa kipimo uwekwe pale mezani, na anayepima aunuse mara kwa mara mchana kutwa. Na tusisahau uhai wa watu: heliamu haina harufu, haina sumu, lakini mahali palipofungwa huondoa oksijeni, na mtu huanguka bila onyo lolote. Asiingie mtu kwenye chemba kubwa au shimo la mashine kabla hewa yake haijapimwa.

Heliamu ni ghali, na sababu iko ardhini. Hutokana na kuoza kwa urani na thori kwenye miamba kwa mamilioni ya miaka, na ikipaa angani haikusanyiki tena kwa faida. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa akiba kubwa katika Bonde la Ufa nchini Tanzania, upande wa Rukwa, ambako joto la volkeno limeisaidia heliamu kutoka kwenye miamba ya kale. Kwa kuwa ni ghali, viwanda huirudisha: baada ya kipimo inavutwa kutoka kwenye koili, inabanwa, inatumika tena. Ni jambo jema, nalo lina mlango wa kasoro. Kila mzunguko huingiza hewa kidogo. Heliamu ikifika asilimia 50, uvujaji uleule hutoa nusu ya namba. Tangi la kurudishia liwe na kipima mkusanyiko, na kikomo cha kukataa kishushwe kwa kadiri hiyohiyo, au gesi ibadilishwe. Kiwanda kinaweza kuchagua kutumia mchanganyiko hafifu kwa makusudi ili kuokoa fedha, na ni sawa kabisa, mradi namba hiyo imo ndani ya hesabu ya mashine.

Nigusie tabia moja ya watu, maana haiko kwenye mwongozo wowote. Koili iliyokataliwa hurudishwa mara moja kwenye mashine, ikikataliwa hurudishwa tena, mpaka ipite. Kila kipimo kina mtikisiko wake kidogo, kwa hiyo koili iliyo kwenye mpaka, ikipewa nafasi za kutosha, itapita siku moja. Kanuni iwe kupimwa upya mara moja tu, baada ya heliamu ya awali kuondolewa na kiunganishi kukaguliwa, na majibu yote mawili yaandikwe. Daftari la mashine linalonifaa mimi nikiitwa lina mambo machache kila zamu: namba ya chemba tupu, namba ya koili ya majaribio, muda wa kufikia ombwe, joto la karakana, na jina la aliyebadilisha kitu. Ukiwa na hayo ya mwezi mmoja, mara nyingi kasoro unaiona ikija siku kadhaa kabla haijafika: muda wa ombwe unarefuka taratibu, au namba ya koili ya majaribio inashuka kidogokidogo.

Swali nililoulizwa mara nyingi na wenye karakana ndogo ni kama wanaweza kuepuka heliamu kabisa. Kwa kazi ya kunusa, wanaweza. Mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95 ni rahisi kupatikana, hauwaki kwa kiwango hicho, na vichunguzi vyake ni vya bei nafuu. Haidrojeni hewani ni chache hata kuliko heliamu, chini ya sehemu moja katika milioni. Masharti niliyoyataja yanabaki yaleyale: hewa itolewe kwanza, koili iwe kavu, kichujio kiwe safi. Ila mvujo wa kipimo wa heliamu hauwezi kukagua kifaa cha haidrojeni. Nunua wa gesi hiyohiyo, wenye cheti, siku ileile unayonunua kichunguzi.